Sauti Isiyo na Mate

Kinanda changu hakina miguu.
Kimelala juu ya meza ya kupigia pasi,
chumba cha juu, Kibokoni, nyuma ya duka la mikeka,
na waya wake umetoka dirishani kwenda kwa jirani
maana soketi ya kwetu hutema cheche.
Kitufe cha Re ya kati kikibonyezwa hakirudi.
Nimekitilia karata chini, jike la kopa,
na siku nyingine hata jike la kopa halimuwezi.

Bwana Mwijaa ameingia bila hodi.
Mwezi wa tatu huu tangu ang'olewe meno ya mbele.
Haya ya bandia, asema, kwa nyama hayana neno,
kwa zumari hayana adabu: yacheza.
Na Ijumaa kuna arusi Kuze,
wenyewe wametaka chakacha,
na chakacha bila zumari
ni pilau bila bizari.
"Basi nitie humo," akakionyesha kinanda kwa kidevu.
"Nitie humo, upige wewe."

Nikaanza na wimbi la msumeno.
Ukilichora, lina meno, safu nzima.
"Ala! Hata hilo lanishinda," akasema.
Nikalipitisha kwenye chujio, nikakaza,
kama mama akamuapo nazi kwa kifumbu:
tui zito, tui la pili, la tatu,
mpaka yakatoka maji matupu.
"Je, hiyo?"
"Nzi ndani ya chupa."
Nikaweka wimbi la mraba.
"Honi ya tuktuk, Mwembe Tayari."
Nikaongeza mtikisiko.
"Huyo ni mbuzi. Tena ajua kuwa kesho ni Idi."

Nilitaka kuzima.
Chini, muuza kahawa akapita
na vikombe viwili vya kaure kiganjani, kili-kili, kili-kili,
ndugu wawili wa seti moja
na hakuna hata mmoja aliyeimba sawa na mwenzake.
Nikasikiliza mpaka akakunja kona.
Nikachukua sauti yangu, nikaizalia pacha,
nikampindisha pacha kidogo,
unywele tu, chini ya nduguye.

Mwijaa akaacha kujikuna goti.

"Imekaribia," akasema, "lakini haina mate."
Akatoa zumari kwenye mfuko wa kanzu,
akaulowesha ulimi wake wa ukuti,
akapuliza.
Hakikutoka kitu. Upepo tu, ssss,
na uzi wa mate kidevuni,
akaufuta kwa mkono wa shati la ndani, hakunitazama.
Mimi nikaiba ule upepo.
Nikautengeneza kwa kelele tupu,
nikauweka mlangoni, utangulie kabla ya sauti,
na kila baada ya sekunde sita au saba
nikaiinamisha sauti, kidogo, kisha nikaiinua,
pale ambapo mapafu hunywa hewa
na mashavu hushika zamu.

Nikapiga.
Nikamuona mashavu yakivimba yenyewe,
mdomo umefumba.

Mashine ikauliza jina, nafasi ya herufi nane.
Nikaanza M, W.
"Usiandike mimi," akasema. "Andika MENO."
Nikaandika MENO. Herufi nne zikabaki wazi.
Ijumaa, asema, atakaa ubavuni mwa spika
na zumari mdomoni, wageni wamuone.
Vidole atavichezesha. Mashavu atayajaza mwenyewe.
Mimi nikae nyuma ya pazia, na nisikohoe.

Tukajaribu mara ya mwisho.
Nikafika kwenye Re, nikainua kidole,
na Re haikuinuka.
Ikalia. Ikainama, ikainuka, ikalia.
Nikanyoosha mkono kuifuata karata;
akanishika kifundo.
"Iache," akasema. "Mimi pumzi hiyo sijawahi kuwa nayo."
Tukakaa. Akawa ahesabu kwa vidole, hamsini, sitini,
na Re yalia tu, haijui kuchoka,

mpaka jirani mwenye soketi akagonga ukuta:
"Nyie! Kwani arusi imekuwa leo?"